Ngamia Ambaye Hatukuwa Naye

Asubuhi ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile nilipofungua lango la nyumba yetu hapa mtaani Bula Pesa nikakuta ngamia amesimama nje, anatafuna ua wa jirani, na watu wamemzunguka wakitupongeza. Walitupongeza kwa sababu ngamia wetu aliyepotea alikuwa amepatikana. Tatizo ni kwamba hatukuwa na ngamia. Hatukuwa na hata mbuzi. Tulikuwa na kuku wachache na kobe mmoja, na huyo kobe hakuwa wetu, alijileta mwenyewe wakati wa mvua akapenda kivuli cha tangi la maji.

Nitakueleza polepole, tangu mwanzo, kwa sababu hata mimi niliyekuwepo nilichelewa sana kuelewa. Usione aibu ukihitaji kusoma mara mbili.

Baba yangu aliitwa Guyo. Sisi tulimwita Abba, kama watoto wa Kiborana wanavyomwita baba. Ujana wake wote alichunga ngamia upande wa Sericho, mpaka ukame mmoja mkali ulipowamaliza wote, nami nikiwa bado mtoto mdogo. Tukahamia hapa mjini. Nilisoma, nikawa mwalimu wa watoto wadogo, na Abba akawa mtu wa kukaa. Asubuhi alikaa upande huu wa nyumba, jioni upande ule, akifuata kivuli. Hakuwa mvivu, mwanangu. Kazi aliyoijua ilikuwa imeisha, basi.

Kisha akaanza kuwa na kiu isiyokatika, na ganzi kwenye vidole vya miguu. Nikampeleka kliniki, akapimwa, ikaonekana ana ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpa dawa, akamwambia aache akala zake za tairi, avae viatu vya kufunika vidole, kisha akasema jambo ambalo nililitafsiri kwa Kiborana kwa furaha, nikidhani ndilo rahisi kuliko yote: kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mzee atembee. Tulipokuwa tukitoka aliniita kando, akanieleza kwamba sukari isiposhuka, mguu ule wa kushoto utaharibika, na kwamba yeye amewahi kuona miguu ikikatwa. Hayo sikuyatafsiri.

Nyumbani nilimweleza Abba vizuri, kama ninavyowaeleza watoto darasani. Nilimwambia sukari mwilini ni kama kuni. Ukikaa tu, kuni zinarundikana ndani ya nyumba mpaka hamna pa kupita. Ukitembea, misuli inazichoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa nitembee kwenda wapi?" akauliza.

"Popote, Abba."

"Popote ni wapi?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Kesho yake alichukua fimbo, akafika langoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kukaa. Siku iliyofuata vilevile. Mama yangu alikuwa anachambua mchele uani, na kobe wetu alikuwa anakatiza taratibu kuelekea jikoni. Mama akamwambia Abba kama amekosa njia, amfuate huyo.

"Hata yeye ana mahali anakwenda," Abba akajibu.

Hapo lazima nikueleze kitu, mwanangu, kwa sababu wewe umekua wakati ambapo kijana anapita mbio barabarani na nyaya masikioni, na hakuna anayemuuliza lolote. Kwa watu wa rika la Abba, mtu mzima hapiti mtu mwingine njiani hivihivi. Anasimama. Wanasalimiana, wanaulizana amani, watoto, mifugo, mvua. Kisha anaulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi. Wala huo si umbea. Habari za malisho na za visima zilisafiri hivyo, kutoka mdomo hadi mdomo, na mtu aliyeficha safari yake alitiliwa shaka. Sasa mchukue mtu huyo, mwambie atoke asubuhi azunguke mtaa arudi pale alipotoka. Kila lango atakalopita ataulizwa. Atajibu nini? Kwamba anakwenda popote?

Lakini wakati huo sikuyafikiria hayo. Niliona tu mzee mkaidi, nikaendelea kumweleza habari za kuni.

Halafu asubuhi moja, bila kusemezwa, akaondoka. Akarudi jua limepanda, jasho linamtiririka, akaomba chakula. Kesho akaondoka tena. Ikawa desturi. Akishaswali alfajiri, anavaa viatu vyake vipya, anachukua fimbo, anatoka, na Mzee Halake, jirani yetu ambaye zamani alikuwa dalali wa mbuzi mnadani, anamngoja hapo nje. Baadaye wazee wengine nao wakawa wanaungana nao. Niliwaona siku moja wakipita kando ya seng'enge ya uwanja wa ndege, wamesambaa kidogo, kila mmoja anaangalia upande wake. Nikajisifu moyoni kwamba maelezo yangu yalikuwa mazuri mno mpaka yakafika kwa majirani. Tuliporudi kliniki sukari ilikuwa imeshuka, na daktari akanipa mkono.

Siku chache baadaye nilisimama kwa Mama Kendi kununua sukuma. Mama Kendi ni Mmeru, meza yake ya mboga ilikuwa pale kona, na hakuna kilichopita mtaani bila yeye kujua. Akanifungia mboga, akaniuliza, "Mwalimu, ile ngamia yenu mlipata?"

Nikamwambia labda ananichanganya na mtu mwingine. Akanitazama kwa huruma, akasema si neno, watapata tu, ngamia haifiki mbali. Nikaenda zangu nikishangaa. Dukani mwenye duka akaniuliza hilohilo. Kesho yake shuleni mzazi mmoja, alipomleta mtoto wake, akanipa pole ya ngamia, akasema mumewe amepiga simu kwa watu wa Sericho wamwangalie huko, jike, rangi ya mchanga, sikio la kushoto limekatwa ncha, nundu imelalia upande.

Nilifundisha siku nzima bila kujua ninafundisha nini. Jioni nikamkuta Mama jikoni, nikamuuliza kama tuna ngamia ambaye mimi simjui. Akacheka. Nikamtajia rangi, sikio na nundu. Akaacha kucheka. Aliweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda.

"Huyo ndiye aliyekubeba mgongoni tulipohama kutoka kisima kimoja hadi kingine," akasema. "Ulikuwa mchanga, nimekufunga ndani ya kikapu. Alikufa kwenye ukame. Mifupa yake niliiona kwa macho yangu."

Sasa fikiria nilivyochanganyikiwa, mwanangu. Baba yangu alikuwa anatoka kila alfajiri kumtafuta ngamia aliyekufa nikiwa mtoto, na nusu ya mtaa ilikuwa inamsaidia. Nilijua maana moja tu ya jambo kama hilo: sukari imefika kichwani.

Utaniuliza kwa nini sikumuuliza mwenyewe. Kwetu binti hamuulizi baba yake kama akili yake iko sawa. Nilimpima kwa kuzunguka. Wakati wa chai nikamuuliza leo ni siku gani, akanijibu. Nikamuuliza majina ya shangazi zangu wote, akayataja kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waume zao na waliotaka kuwaoa wakakataliwa. Kisha akaweka mkono wake kwenye paji la uso wangu akauliza kama nina homa.

Nilikwenda peke yangu kliniki. Daktari alisema inawezekana, wazee wengine huanza hivyo, nimlete amwangalie, na kwa sasa asiachwe kutembea ovyo. Nilirudi nyumbani nikiwa sijui la kufanya. Kutembea ndiko kulikokuwa kunaokoa mguu wake. Na kutembea huko ndiko kulikokuwa kunaonyesha kwamba akili inampotea. Nikimzuia, mguu unakwenda. Nikimwacha, siku moja atamfuata ngamia wake mpaka porini asirudi. Mama, nilipomweleza, alisema tu nisubiri. Sikuona tunasubiri nini. Niliazimia kwamba asubuhi ifuatayo nitafunga lango kwa kufuli.

Sikuwahi kulifunga. Kabla sijafika langoni nilisikia kelele za watu nje, na nilipofungua ndipo nikamkuta yule ngamia.

Alikuwa jike. Alikuwa rangi ya mchanga. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha. Nakuambia, mwanangu, kwa muda kidogo nilidhani ni akili yangu iliyopotea, kwamba labda ngamia tulikuwa naye siku zote na mimi ndiye niliyesahau. Mama alikuja nyuma yangu, akashika nguzo ya lango.

Aliyekuwa ameshika kamba ni Mturkana mmoja wa makamo kutoka Ngaremara, jina lake Ekai. Alisema alimkuta huyu ngamia peke yake karibu na barabara kuu. Mtu mmoja mwenye lori alitaka amchukue, akadai ni wake, lakini Ekai alikuwa amesikia kwamba kuna mzee mjini anatafuta jike lenye sikio kama hili, kwa hivyo akakataa kumtoa. Alikuwa ametembea naye tangu alfajiri. "Nikasema hii si ya huyo wa lori, hii ina mwenyewe," alisema, na watu wakamsifu. Mzee Halake alikuwa na furaha kama aliyezaliwa upya. Alimzunguka ngamia akimpigapiga shingoni, akieleza kila anayefika jinsi alivyosema tangu mwanzo kwamba mnyama huyu hakuvuka mto.

Abba akatoka. Watu wakamfungulia njia. Alimtazama ngamia kwa muda mrefu, akampa mkono anuse, akapapasa nundu yake, akainama kuangalia chapa kwenye paja. Kila familia ina chapa yake, na kwa mchungaji chapa inasomeka kama jina. Kama angesema ni wake, tungekuwa na mnyama wa watu uani, na wenyewe wangefuata nyayo mpaka kwetu, na wa kwanza kushikwa angekuwa Ekai. Damu imewahi kumwagika huku kwa jambo dogo kuliko hilo. Kama angesema si wake, mtaa wote ungejua kwamba Mzee Guyo amekuwa akiwazungusha kama watoto.

Halake hakuweza kungoja. "Si ndiye? Sikio ndilo hili."

Abba aliomba viti vitolewe na chai iletwe. Alimketisha Ekai karibu naye, akamuuliza habari za njiani, za nyumbani kwake, za mvua ya Ngaremara, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akamshukuru. Kisha akazungumza kwa Kiswahili, kilichonyooka kuliko nilivyodhani anakijua, ili Ekai na Mama Kendi nao wasikie.

"Huyu ngamia si wangu. Chapa ni ya watu wengine, na ninawajua ni akina nani. Mimi sikupoteza ngamia."

Halake alikuwa bado ameshika shingo ya mnyama.

"Guyo," akasema, "kwa hivyo siku zote hizi tumekuwa tukitafuta nini?"

"Mimi ni mgonjwa, Halake. Nina sukari. Mguu huu nikikaa tu, utaoza, nilimsikia daktari akimwambia mtoto." Hakunitazama aliposema hivyo. "Nikaambiwa nitembee. Mtu mzima anatembea bure? Siku ya kwanza uliniona nimesimama barabarani na fimbo, ukaniuliza kama ni ngamia nimepoteza. Nikaona aibu kukuambia nazunguka tu kama kuku. Nikanyamaza. Ukaniuliza ni wa rangi gani. Nikakutajia yule niliyempenda."

Nilielewa hapo, mwanangu, mengi kwa mara moja. Akili yake haikuwa na kasoro yoyote. Alichokosa ni jibu la kumpa jirani, na jirani akampa.

Mzee Halake aliachilia shingo ya ngamia. Alisema maneno machache kuhusu magoti yake na vichaka alivyoingia. Chai yake ilikuwa imeshamiminwa, hakuinywa. Akachukua fimbo yake akaondoka, na wale wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja. Pale nje tukabaki sisi, Ekai, Mama Kendi na ngamia.

Habari ya ngamia iliisha vizuri. Abba alipiga simu kwa wenye chapa, akamsihi Ekai akae kwetu mpaka walipofika, kisha akasimama mbele yao akashuhudia jinsi mtu huyu alivyomlinda mnyama wao. Walimpa Ekai mkono, na wakampa shukrani yake kama desturi inavyotaka. Waliondoka kwa amani.

Lakini Abba usiku ule hakula vizuri. Kulipokucha aliswali, akarudi kukaa kitandani. Viatu vilikuwa chini, fimbo imeegemea ukuta. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na maelezo mengi tayari, ya kuni, ya misuli, ya mguu. Nikayaacha. Nilimuuliza tu yule ngamia wake alikuwa wa namna gani, akaanza kunisimulia, jinsi alivyokuwa mpole kwa watoto na mkorofi kwa wageni, jinsi alivyokataa kunywa kisima kikiwa na kelele. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu tuhamie mjini. Nilimwomba nimsindikize mpaka kona. Akasema watu watauliza, na sasa hana cha kuwajibu.

Ndipo lango likagongwa kwa fimbo. Halake hakuingia. Alisimama nje akaita kwa sauti yake ya mnadani, sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia.

"Salaam aleikum. Guyo, toka. Upande wa mto bado hatujatafuta."

Abba alinitazama. Kisha akainama kutafuta viatu.

Walitafuta upande wa mto. Walitafuta pande zote, miaka na miaka, na wazee wale wengine wakarudi wote, kwa sababu, kama nilivyokuja kujua, wawili wao walikuwa wameambiwa na daktari maneno yaleyale na hawakumwambia mtu. Aliyewauliza wanatafuta nini walimtajia ngamia, jike, rangi ya mchanga, na mtaa mzima ukajua, na hakuna aliyecheka vibaya. Abba alikwenda kaburini na miguu yake yote miwili.

Nimekueleza haya kwa sababu naona siku hizi kila nyumba ina mzee aliyeambiwa atembee, na kila mzee ana mtoto anayempigia simu kutoka Nairobi kumuuliza kama ametembea. Mwanangu, alichosema daktari ni kweli, usikipuuze. Lakini kabla hujamwita mzazi wako mkaidi, simama naye pale langoni, utazame barabara kama anavyoitazama yeye. Jiulize atamwambia nini wa kwanza kukutana naye. Pengine anachohitaji ni mwenzake wa kutembea naye, pengine ni mahali pa kwenda, hata kama ni kumpelekea Mama Kendi salamu. Maelezo hayatoshi. Nasema hivyo mimi niliyeishi kwa kueleza.

Na ukimsikia mzee wako akisema jambo lisiloeleweka, usikimbilie kusema akili imekwenda. Muulize huyo anayemtaja alikuwa nani. Muulize alikuwa wa rangi gani. Kaa usikilize mpaka mwisho, hata chai ikipoa. Mimi nilikaribia kufunga lango kwa kufuli kwa sababu ya swali ambalo sikuliuliza.

Kitu cha mwisho ni kwako wewe mwenyewe, kwa siku utakapougua, maana utaugua kama watu wote. Waambie majirani. Aibu ya siku moja pale langoni ilimpa Abba watu wa kutembea nao mpaka mwisho.

Sasa nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu yenye nguvu na mahali pa kuipeleka. Akupe mvua isiyobomoa na jua lisiloua. Ukitoka asubuhi ukutane na wanaokuuliza unakwenda wapi, na ukichelewa kutoka, awepo wa kukugongea lango. Uende kwa amani, urudi kwa amani, utukute kwa amani.